Ziwa Lilipokosa Magadi

Hapa Nakuru flamingo yuko kila mahali isipokuwa ziwani. Yuko kwenye jina la mtaa, kwenye bango la hoteli, kwenye ubavu wa matatu, kwenye fulana wanazonunua watoto wa shule wakija ziara. Mgeni akishuka steji na kuuliza wale ndege wa waridi wako wapi, mtu wa bodaboda atamjibu kwa maneno mawili: "Maji yalijaa."

Jibu hilo ni la kweli. Lakini ukilikalia kidogo linageuka kuwa swali. Flamingo ni ndege wa majini. Ana miguu mirefu kama fito, na kina kikizidi miguu yake, anaogelea. Tangu lini ndege wa maji akafukuzwa na maji?

Jibu kamili ni la kijani, tena ni dogo kiasi kwamba huwezi kuliona moja moja bila hadubini. Historia ya mji huu tumezoea kuisoma kupitia reli, walowezi wa kizungu, mashamba na siasa. Mimi nataka kuisoma kupitia kitu hicho cha kijani, kwa sababu naona ndicho kilichoweka kumbukumbu bora kuliko sisi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa, na sasa naishi kwa kuandika na kutafsiri vitu vya watu. Lakini tabia moja ya chuo haikuniacha: kusoma karatasi za watafiti usiku, bando ikiwa nafuu. Humo ndimo nilimokutana na ziwa letu.

Tuanze na jina. Watu wa Pwani wana neno la kitu kinachoota majini bila mzizi wala ua: mwani. Sisi wa bara hatuna mazoea nalo. Tukiona maji ya kijani tunasema yamechafuka, basi. Lakini kijani cha Ziwa Nakuru ni mwani pia, wa aina ndogo sana, na wataalamu wakibanwa watakuambia kwamba kwa nasaba ni bakteria anayejipikia chakula kwa jua kama jani. Anaitwa spirulina. Ukimweka chini ya hadubini utaona uzi uliojikunja kama springi ya kalamu. Ndiye yule yule anayeuzwa siku hizi kama unga wa kijani kwenye maduka ya dawa kwa bei ya kushtua. Kule Ziwa Chad, akina mama wa Kanem wamemvuna tangu zamani, wakamkausha juani na kumpika mchuzi. Wao humwita dihé.

Spirulina ana tabia moja ya ajabu: anapenda maji ambayo wengine hawayawezi. Na hapo ndipo Bonde la Ufa linapoingia.

Kila mtu aliyelelewa na nyanya anajua magadi, yale mawe meupe ya kulainishia maharagwe na mboga za kienyeji. Ukizidisha, chakula kinageuka sabuni. Sasa fikiria ziwa zima lililotiwa magadi. Ziwa Nakuru liko kwenye kikapu cha ardhi ya volkano: Menengai kaskazini, miinuko ya Mau magharibi. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia, na hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia moja tu, juu, kama mvuke. Chumvi na magadi vilivyobebwa kutoka kwenye miamba vinabaki. Jua la maelfu ya miaka limelipika ziwa hili hadi likawa chungu.

Wanakemia hupima uchungu na uchachu wa maji kwa kipimo cha pH. Maji safi yako karibu na 7. Ukishuka chini ya hapo unaelekea kwenye ndimu na siki. Ukipanda unaelekea kwenye magadi na sabuni. Kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Bahari iko kidogo juu ya 8. Ziwa Nakuru kwa kawaida yake lilikuwa 10 na zaidi. Kwenye maji kama hayo samaki wengi hawaishi, na mimea mingi ya maji haithubutu. Spirulina, kwa upande wake, anayaona magadi hayo kama ghala, kwa sababu ndani yake kuna kaboni anayohitaji ili akue. Hana mpinzani. Anajaza ziwa zima hadi maji yanakuwa mazito kama uji wa mchicha.

Mwaka wa 1929 msafara wa watafiti kutoka Uingereza ulipita kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, ukichota maji Naivasha, Nakuru, Elmenteita na Baringo. Kati yao alikuwapo mwanamke kijana, Penelope Jenkin. Alichokiona kilimkaa akilini miaka mingi, na mwaka wa 1957 akachapisha maelezo marefu ya jinsi flamingo anavyokula. Huyu ndege huinamisha kichwa hadi mdomo unakuwa juu chini, kisha ulimi wake unafanya kazi ya pampu, ukivuta maji na kuyasukuma nje kupitia vichujio vidogo mno vilivyopangwa kwenye mdomo. Maji yanatoka, mwani unabaki. Flamingo mdogo, aliye wengi kwetu, ana vichujio vyembamba kabisa, vilivyoundwa kana kwamba kwa kumlenga spirulina peke yake.

Na ile rangi ya waridi iliyotuletea watalii? Inatoka kwenye mwani. Ndani ya kijani cha spirulina kuna rangi za jamii ya ile iliyomo kwenye karoti, na ndege akizila zinapanda hadi kwenye manyoya. Kifaranga wa flamingo huzaliwa wa kijivu. Yaani waridi tuliyoichapisha kwenye kalenda kwa miaka yote hiyo ni kijani kilichoyeyushwa tumboni.

Ekkehard Vareschi, mtafiti Mjerumani aliyefanya kazi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipiga hesabu: flamingo mdogo mmoja hula kama gramu 70 za mwani mkavu kwa siku. Wakiwa milioni moja, hizo ni tani 70. Kila siku. Hakuna shamba la ngano huku kwetu linaloweza kuvunwa hivyo asubuhi na jioni na bado liote usiku. Ziwa hili liliweza. Lilitambuliwa kuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, likawa mbuga ya taifa mwaka wa 1968, likawa eneo la kwanza la Kenya kwenye orodha ya Ramsar mwaka wa 1990, na mwaka wa 2011 UNESCO ikalitia kwenye urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elmenteita. Vyeo vyote hivyo, ukivifuatilia hadi chini, vinamdai spirulina.

Lakini Vareschi huyo huyo ndiye aliyeandika jambo ambalo mji wetu haukulisikia. Mwaka wa 1974, bila onyo, spirulina aliporomoka. Mwani wa aina nyingine, mdogo zaidi, ukachukua nafasi. Kwa jicho la mtu wa kawaida maji yalikuwa bado ya kijani. Kwa flamingo yalikuwa sahani tupu, kwa sababu ule mwani mpya ulipita kwenye vichujio vyake kama mchanga mwembamba kwenye chekeche. Kundi lililokuwa karibu milioni likabaki maelfu machache.

Hapo ndipo ninapopaona kama kitovu cha hadithi hii. Maji yakibadilika hayaui kila kitu. Yanachagua. Anayeweza hali mpya anapanda, asiyeweza anaondoka, na ziwa linaendelea kuitwa ziwa.

Kuna wakati uchaguzi huo tuliufanya sisi wenyewe, mchana kweupe. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960 walileta samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi, wanaostahimili maji makali, wakawamwaga Nakuru wale mabuu ya mbu. Samaki walishika. Baada yao wakaja mwari kwa maelfu, ndege wala samaki, ambao awali hawakuwa na shughuli kubwa hapa. Ukiona picha za zamani za mwari weupe wakipanga foleni Nakuru, kumbuka kwamba waliitwa na uamuzi kuhusu mbu.

Wakati mwingine uchaguzi uliofanyika haukuwa na kikao wala saini. Ulifanyika chooni.

Mwaka wa 1969 sensa ilihesabu watu wapatao 47,000 mjini Nakuru. Mwaka wa 2019 walikuwa zaidi ya 570,000. Tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini, watu wakacheza. Hesabu sasa sabuni, mikojo, maji ya kufulia, maji ya viwandani, mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashamba ya juu. Sehemu moja hupita kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka, yale yaliyopanuliwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Japani. Sehemu nyingine haijawahi kuona bomba lolote. Inashuka na mvua kupitia mitaro, kwa sababu mji umejengwa mteremkoni na ziwa liko chini. Kokote unakomwaga ndoo hapa Nax, mvua inajua njia.

Ndani ya maji hayo kuna fosfeti na nitrojeni, ambavyo kwa mwani ni mbolea. Kuna pia metali nzito. Na kumbuka: ziwa halina mlango wa kutokea.

Mwaka wa 1993, na tena 1995, flamingo walianza kufa kwa maelfu, hapa na Bogoria. Mji ukaingia kwenye kazi ya kutafuta mhalifu. Wengine walisema ni viwanda. Wengine, maji taka. Wengine, dawa za mashambani. Katikati ya miaka hiyo hiyo ukame ukalipungunyua ziwa hadi karibu kukauka, vumbi jeupe la magadi likapeperushwa juu ya mitaa, na jina la mji, ambalo hufasiriwa kutoka Kimaasai kuwa mahali pa vumbi, likajieleza lenyewe. Kisha El Niño ya 1997 na 1998 ikaja ikajaza upya. Kila kundi lilikuwa na mhalifu wake na ushahidi wake.

Miaka iliyofuata watafiti kadhaa, wakiwemo Kiplagat Kotut wa Kenya na Lothar Krienitz wa Ujerumani, walitazama mwani wenyewe. Wakakuta kwamba ndugu wa spirulina, wa ukoo ule ule wa bakteria wa kijani, wapo wanaotengeneza sumu: ya kuharibu ini na ya kushika neva. Sumu hizo zilipatikana kwenye maziwa ya magadi, kwenye utando unaoota kando ya chemchemi za moto za Bogoria ambako flamingo huenda kunywa, na hata ndani ya miili ya ndege waliokufa. Kotut na wenzake walikuta mwani wa sumu kwenye mabwawa ya maji taka ya Nakuru pia. Kwa hiyo mhalifu hakuwa mmoja. Metali huenda zilimdhoofisha ndege, njaa ikamwongezea, sumu ikamalizia. Sisi tulitaka jina moja la kubandika ukutani. Ziwa likatupa orodha.

Na hapa lazima niseme kitu kinachoweza kuwaudhi marafiki zangu wanaharakati. Mbolea peke yake haimuui spirulina. Kwenye mashamba yake hulishwa nitrojeni na fosfeti makusudi, hadi anakua. Kama maji ya Nakuru yangebaki na magadi yake yote, uchafu wa mji ungeweza hata kumnenepesha kwa muda. Hatari ni mbolea kuingia wakati magadi yanapungua. Magadi ndiyo yaliyokuwa bawabu, yakizuia wengine wasiingie. Bawabu akilala mlango ukiwa wazi na meza imeandaliwa, yeyote aliye na njaa ataketi.

Mambo haya yana ndugu yake baharini, na nikiyaweka pamoja yananieleweka zaidi. Tangu viwanda vianze kuchoma makaa na mafuta, sehemu kubwa ya hewa ya kaboni tunayotoa imeyeyuka baharini. Ikiyeyuka inatengeneza asidi. Kipimo cha bahari kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1, na kwa kuwa kila hatua ni mara kumi, huko "kushuka kidogo" maana yake ni asidi kuongezeka kwa karibu asilimia 30. Je, mwani wa bahari umefanyaje? Haukufa wote. Baadhi ya mwani laini hufurahia, maana kaboni imekuwa rahisi kupata. Lakini uko mwani wa chokaa, ule wa waridi unaokaa kama rangi juu ya mawe na kuyagandisha matumbawe yasitawanyike. Huo unajenga mwili wake kwa chokaa, na chokaa na asidi haziketi chumba kimoja. Kila mtu aliyewahi kudondoshea ndimu sakafu ya terazo anajua. Ongeza sasa maji taka ya hoteli na miji ya Pwani. Mwani wa kijani unaokua kwa pupa unachukua mbolea hiyo, unafunika wenzake, unawanyima jua. Ukisimama ufukweni utasema bahari imestawi. Kweli imestawi, lakini ni wengine wanaostawi.

Wanaolipa ni watu. Zanzibar walianza kilimo cha mwani cha biashara mwaka wa 1989, kule Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima ni wanawake. Huku kwetu kina mama wa Kibuyuni, Kwale, nao wamefunga kamba zao. Wanalima aina mbili: cottonii yenye bei nzuri, na spinosum yenye bei ya chini lakini ngumu. Zanzibar maji ya kina kifupi yalipozidi joto, cottonii ikaanza kuwa nyeupe, kuoza na kukatika kwenye kamba. Spinosum ikavumilia. Bahari ikachagua ile ya bei rahisi. Mama aliyekuwa akilima kwa miguu wakati maji yamekupwa akaambiwa kama anataka cottonii aende kwenye kina kirefu, yaani awe na mashua na ajue kuogelea. Hakuna aliyemuuliza alipoanza kama alikuwa na mpango wa kununua mashua.

Turudi bara. Baharini asidi inaingia. Nakuru magadi yanazimuliwa. Ni njia mbili tofauti, ila kwa aliye ndani ya maji habari ni ile ile: nyumba yako imebadilishwa kemia ukiwa umelala.

Kuanzia mwaka wa 2010 hivi mvua ziliongezeka na maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kupanda, kutoka Baringo hadi Naivasha. Kwetu maji yalimeza lango kuu la zamani la mbuga na ofisi zake, yakaua migunga ya kandokando, ile misitu ya manjano iliyokuwa ikipigwa picha. Yakaingia Mwariki na Barut, watu wakaacha nyumba, vyoo vikazama, maji ya kisima na maji ya choo yakawa kitu kimoja. Ripoti ya serikali ya mwaka wa 2021 kuhusu maziwa yaliyopanda nchini ilihesabu zaidi ya kaya 75,000 zilizohamishwa katika kaunti 13. Mwaka wa 2024 Aidan Byrne wa King's College London na wenzake walichapisha matokeo ya kutazama maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki kwa picha za setilaiti, zaidi ya miaka 20 ya picha. Nakuru ilikuwa kati ya mifano yao mikali. Kati ya 2009 na 2022 eneo la ziwa liliongezeka kwa asilimia 91. Katika muda huo huo kijani cha majini, kile kinachopimwa kwa rangi ya majani, kilipungua hadi nusu.

Hilo ndilo jibu kamili la mtu wa bodaboda. Maji yalijaa, magadi yakazimuka, spirulina akapungua, mezani pakabaki mabaki. Flamingo hakuogopa kina. Alikosa chakula. Wachache bado hurudi wakati mwingine, wakaonja, wakaondoka.

Wengine watasema ni mambo ya Mungu, ziwa hupanda na kushuka. Ni kweli hupanda na kushuka. Miaka elfu kumi hivi iliyopita Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja kubwa la maji baridi, na maji yalifika hadi chini ya kile kilima cha Hyrax Hill unachokipita ukielekea Nairobi. Ushahidi wa kugeuka upo karibu zaidi. Oloidien, kale kaziwa kadogo kando ya Naivasha, kalikuwa na maji ya kawaida. Kalipopungua maji, kakakolea chumvi, na kuanzia mwaka wa 2006 hivi spirulina akatokea humo, na flamingo wakafuata. Hakuna aliyewatumia mwaliko. Ndege hawa wanasoma kemia kutoka angani. Wakati wa kuzaa hushuka hadi Natron, Tanzania, ambako robo tatu ya flamingo wadogo wote wa dunia huanguliwa juu ya tope la magadi.

Kwa hiyo mbona mimi nina wasiwasi, kama ndege wana akili kutuzidi? Kwa sababu maziwa ya kukimbilia si mengi, na yale 22 mengi yao yanazimuka kwa pamoja. Zamani Nakuru ikiharibika kulikuwa na Bogoria; Bogoria ikichoka kulikuwa na Elmenteita. Mfumo wao ni kama wetu wa kukopa: unategemea jirani mmoja angalau awe na unga.

Na kwa sababu mvua peke yake haikutufikisha hapa. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza kumega zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki. Huko ndiko Njoro, Makalia na Nderit zinakoanzia. Msitu hunywa mvua polepole na kuiachilia polepole. Ardhi iliyolimwa huitema mara moja, pamoja na udongo na mbolea. Aliyegawiwa kipande kule juu hakuwa na nia mbaya na flamingo. Alitaka mahali pa kupanda viazi. Lakini kila mvua kubwa inateremsha sehemu ya shamba lake hadi kwetu.

Tusidanganyane kwamba kila mtu amepoteza. Maji yalipopungua ukali, sato wakapatikana, na vijana wa Mwariki wasiokuwa na kazi wakaanza kuvua usiku. Kwao ziwa hili jipya ni bora kuliko lile la waridi, ambalo hawakuwahi kulipia kiingilio cha kulitazama. Nimeongea na mmoja wao akaniambia, "Flamingo alikuwa wa mzungu, samaki ni wangu." Sikuwa na jibu la haraka. Lakini samaki huyo anaishi kwenye maji yaliyopokea metali za mji huu kwa zaidi ya nusu karne bila kuzitoa, na akija mwani wa sumu, atakayekula hatakuwa ndege aliye kwenye kalenda. Atakuwa mtoto wa huyo kijana. Hapo ndipo hadithi ya mwani inapoacha kuwa ya utalii.

Jiji lenye hati linaweza kufanya mambo ya kawaida kabisa. Kuunganisha mitaa ya mteremkoni na mabomba ya maji taka kabla ya kupaka ukuta mwingine picha ya flamingo. Kurudisha miti kando ya Mto Njoro. Kupima kijani cha ziwa kila wiki, kujua ni mwani gani umetawala, na kutangaza matokeo kwa Kiswahili redioni kama tunavyotangaziwa bei ya viazi, ili anayevua ajue anavua nini.

Kila Januari na Julai wataalamu wa makavazi ya taifa na watu wa kujitolea hukusanyika kwenye maziwa haya, darubini shingoni, kuhesabu ndege wa maji. Huhitaji digrii kujiunga, na mimi ni shahidi. Ukienda, hesabu ndege kama wanavyokuelekeza. Ukimaliza, kabla ya kupanda matatu, shuka hadi ukingoni na chupa ya plastiki angavu. Chota maji, inua chupa juani, tazama yana kijani kiasi gani. Piga picha, andika tarehe. Rudia Julai.

Ukipata wenzako kumi wa kufanya hivyo kwa miaka kumi, mtakuwa mmeandika historia ya Nakuru ambayo bado haipo kwenye maktaba yoyote.